Nira Imevunjika, Halafu?

Andiko: 1 Wafalme 12:1-33

Vijana wetu wa Kitale na Bungoma wamekuwa wakiuliza: watu wakiinuka dhidi ya mtawala, wanampinga Mungu?

Angalia Waisraeli hapa. Hawakuja kwa Rehoboamu na mawe. Walikuja na ombi moja tu, wapunguziwe mzigo. Wazee wakamshauri akubali. Yeye akawasikiliza rafiki zake, akawajibu watu vibaya, halafu (hapa mimi hushangaa kila nikisoma) akawatumia Adoramu, msimamizi wa shokoa! Ni hapo mawe yaliporushwa. Na alipokusanya jeshi, Mungu akamzuia kupitia Shemaya. Kwa hivyo anayesema kazi ya mkristo ni kunyamaza tu, asome mstari wa 24.

Sisi wa huku tunaijua hadithi hii. Mwaka 1982 kifungu 2A kiliifanya KANU chama pekee. Julai 1990, Saba Saba, watu walipigwa na wengine wakauawa. Masinde Muliro, mzee wetu ambaye uwanja wa Kanduyi una jina lake, alikuwa kati ya wazee sita walioanzisha FORD mwaka 1991. Desemba kifungu kikaondolewa. Lakini Agosti 1992 Muliro akafariki, FORD ikagawanyika, na Moi akashinda kwa karibu asilimia 36 tu ya kura. Akakaa miaka kumi mingine. Miaka hiyohiyo ya mwanzo, nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Bungoma kwa sababu ya kabila, familia zikalala makanisani. Wengine wenu mlikuwepo.

Nilisomea biashara, na naweza kuwaambia kufunga duka bovu ni rahisi kuliko kufungua zuri. Sudan walimwondoa Bashir Aprili 2019 baada ya miaka 30. Maandamano yalishika moto Atbara kwa bei ya mkate. Aprili 2023 majenerali waliobaki wakageuziana bunduki.

Yeroboamu naye alipanda kwa kilio cha wananchi, na Mungu mwenyewe alikuwa amemwahidi kiti. Alipokipata akaogopa kukipoteza. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli, mwingine Dani, na watu walewale waliokataa nira wakaenda kuwaabudu.

Jumatano kwenye ushirika wa nyumbani jadilini: mbona hakuna hata mmoja wao aliyemwambia hapana? Aliyemwambia alitoka Yuda, yuko sura ya 13. Msome kabla mje.