Duara jeusi juu ya taa

SWALI: Dari ya sebule yetu ina duara jeusi juu ya taa. Tulipaka rangi, likarudi. Je, umeme unaungua?

JIBU: Mara nyingi ni masizi na vumbi. Balbu ya zamani ya waya hugeuza takriban asilimia 90 ya umeme kuwa joto. Hewa ya moto hupanda juu yake ikibeba masizi ya mkaa, koroboi, udi na dawa ya mbu ya kuchoma, ikayabandika palepale darini.

Lakini usikisie. Zima swichi kuu, acha balbu ipoe, futa alama kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikitoka cheusi, ni masizi. Alama ikiwa ya kahawia na haifutiki, au holda imepasuka, au unasikia harufu ya plastiki iliyoungua, usiwashe taa hiyo tena hadi fundi umeme aifungue. Huenda akakuta waya umelegea kwenye skrubu, au balbu ya wati 100 kwenye holda iliyoandikwa mwisho wati 60. Hivyo ndivyo nyumba huungua; nakusihi, usiahirishe.

Kama ni masizi, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, maana dari ikiwa ya jipsamu, haipendi kuloa. Pakikauka, tanguliza rangi ya mafuta ya kuzuia madoa, ndipo upake ya maji. Ya maji peke yake hupenywa na masizi. Kisha funga balbu ya LED ya wati 9: mwanga wake unakaribiana na wa wati 60 ya zamani, na joto lake ni dogo.