Kupunguza Uzito Polepole bila Kunyimwa Utamu wa Chakula

Ushauri unaotolewa mara nyingi zaidi kwa mgonjwa mwenye uzito uliozidi ni maneno mawili: "Punguza kula." Ni sawa na kumwandikia mtu dawa bila kutaja kipimo wala muda wa matumizi. Mgonjwa hurudi nyumbani, huacha chakula cha jioni kwa majuma mawili, hupungua kilo nne, kisha njaa humshinda na kilo zote hurejea.

Kurejea huko si uvivu. Seli za mafuta hutengeneza homoni iitwayo leptini, ambayo huuarifu ubongo kuwa akiba ya nishati inatosha. Mafuta yakipungua, leptini nayo hushuka. Ubongo huongeza njaa na mwili hubana matumizi ya nishati. Mtu anayejinyima kupita kiasi hupoteza pia misuli, na anayepungua kwa kasi kubwa huweza kupata mawe katika kifuko cha nyongo. Kwa hiyo lengo la busara ni nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, na hata chini ya hapo si kushindwa. Mwenye kilo 84 akipungua asilimia 5 tu, yaani kilo nne na kitu, shinikizo la damu na sukari huanza kuwa afadhali. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2002 uliwalenga watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari: wapunguze asilimia 7 ya uzito na wafanye mazoezi ya dakika 150 kwa juma. Waliopewa mpango huo walipata kisukari kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiopewa.

Je, hayo yanahusu nini Mbuji au Mbamba Bay? Mwanamke anayechimba ngoro katika vilima vya Umatengo hahitaji somo la mazoezi. Wanaohitaji ni binti yake aliyefungua duka Mbinga mjini, mwalimu, dereva wa bodaboda, na sisi wahudumu wa afya tunaokaa kitini kutwa. Sahani imebaki ileile ya mkulima, ilhali jembe limewekwa chini.

Sahani yenyewe haina ubaya. Ugali wa dona au wa muhogo, maharage, majani ya maboga, kisamvu, dagaa wa Nyasa, magege na mbasa ni chakula ambacho mtaalamu wa lishe wa nchi yoyote angekisifu. Tatizo limejificha kwenye mafuta, sukari na ukubwa wa tonge. Tufanye hesabu. Robo lita ya mafuta ya kupikia ina takribani kilokalori 2,000. Ikimiminwa kwenye mboga ya watu watano, kila mmoja amekwisha kupata 400 kabla hajaukata ugali. Mpishi akipima vijiko vitano vya mezani badala ya kumimina kutoka kwenye dumu, kila mlaji hubaki na takribani 120. Nyanya, vitunguu na karanga kidogo zilizotwangwa hurudisha ladha, na hakuna atakayelalamika. Samaki achemshwe au achomwe siku nyingi, akaangwe siku moja ya juma, naye aliwe kwa furaha. Ugali upungue kwa theluthi, mboga na maharage vijaze nafasi hiyo. Tumbo lililojaa nyuzinyuzi halidai haraka.

Kuna jambo la kushangaza kidogo: wilaya inayosifika kwa kahawa hunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari. Kahawa isiyotiwa sukari karibu haina nishati yoyote. Anayeona ni chungu apunguze nusu kijiko kila juma, ulimi huzoea.

Sherehe zisikatazwe. Msimu wa mauzo ya kahawa huja na harusi, nyama na pombe, na mgonjwa aliyeambiwa asihudhurie atahudhuria kisha hatarudi kliniki. Afadhali tumwambie ale vizuri kabla ya kwenda, achague nyama au pombe isiwe vyote kwa wingi, na akumbuke kuwa bia moja ya nusu lita hubeba takribani kilokalori 200. Kioda na mganda navyo ni mazoezi. Anayecheza hadi kutoka jasho amefanya kazi ya dakika nyingi za kutembea.

Kizuizi kigumu zaidi hakimo jikoni. Katika vijiji vyetu unene wa mke huhesabiwa kuwa heshima ya mume, na anayepungua hunong'onwa kuwa ana Virusi vya UKIMWI. Wapo wanaoacha mpango kwa sababu hiyo pekee. Mhudumu amwombe mgonjwa aje na mwenzi wake siku ya kwanza, lengo litajwe mbele ya wote wawili, kisha upimaji ufanyike mara moja kwa mwezi kwa mizani ileile. Mzunguko wa kiuno nao upimwe: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume ni dalili ya kuanza kujihadhari.

Hata hivyo, anayekonda bila kukusudia asipongezwe. Achunguzwe kifua kikuu, VVU na kisukari. Mjamzito asipewe mpango wa kupunguza uzito. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze chakula kabla dozi yake haijapitiwa na daktari, kwani sukari huweza kushuka ghafla. Atetemekapo, atokwapo jasho au achanganyikiwapo, apewe mara moja maji ya sukari iwapo anaweza kumeza, kisha apelekwe kituoni.