Nafaka ya Mke, Mume Akiwa Hana Kazi

Katika darasa hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi katika miji yetu ya pwani hulificha: hali ya nyumba wakati bwana wake hana kazi na yumo kuitafuta.

Reli mpya ya Mombasa ilipoanza kuchukua makontena mwaka 2018, wengi waliokuwa wakiendesha malori walirejea majumbani mikono mitupu. Na wako, kwa sababu hii au nyingine, wanaoficha khabari yao hata kwa wake zao. Mtu hutoka asubuhi kama ada yake, ashinde barazani kwa kahawa ya deni, arejee magharibi akijidai kuchoka. Aibu hiyo twaifahamu, lakini haina asili katika dini, kwani kukosa kazi si dhambi. Abdulrahman bin Auf alifika Madina hali ya kuwa mali yake ameiacha Makka. Saad bin Rabii alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Yeye akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Hakurudi sokoni ila ana jibini na samli.

Sasa tuingie katika hukumu, nayo ni kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wetu.

Nafaka ya mke hupimwa kwa hali ya mume. Tajiri hutoa mudi 2 za chakula cha mji kila siku, mtu wa kati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja, ambayo ni karibu na kibaba, pamoja na kitoweo kwa kadiri ya uwezo wake. Asili yake ni aya ya 7 ya Sura ya Talaka. Basi aliyekuwa akileta nyama kila siku hana lawama akileta dagaa na mchicha.

Lakini kupungua si kuondoka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Husema: “Sina kitu, na asiye na kitu hadaiwi.” Sivyo! Akikosa hata ile mudi moja, mke ana khiari mbili. Aweza kusubiri, na akisubiri, nafaka ya kila siku ipitayo huwa deni katika shingo ya mume, deni kama la dukani, na akifa hutolewa katika mali aliyoiacha kabla ya warithi kugawana. Au aweza kwenda kwa Kadhi. Dhiki ikithibiti, mume hupewa muhula wa siku 3, na asubuhi ya siku ya 4 mke ana haki ya kuvunja nikaha. Na katika siku hizo 3 ana ruhusa ya kutoka kwenda kuchuma riziki yake, wala mume hana amri ya kumzuia, ila usiku arudi nyumbani. Ama aliyekosa kitoweo peke yake, na chakula kipo, nikaha haivunjwi kwa hilo. Ndiyo kauli aliyoisahihisha Imamu Nawawi.

Hatuyataji haya ili wake zetu wakimbilie mahakamani. Twayataja ili mume ajue ya kuwa subira ya mkewe si haki yake. Ni kitu apewacho.

Na fedha ya mke je? Huyu apikaye mahamri alfajiri akayauza, au ashonaye nguo za watu, pato lake ni milki yake. Zainab, mke wa Abdullahi bin Masuud, alimuuliza Mtume juu ya kumpa sadaka mumewe aliyekuwa na dhiki, akajibiwa kuwa ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Tazama: imeitwa sadaka! Mtu hapewi sadaka kwa mali yake mwenyewe.

Jambo la watoto lina hatari zaidi. Nafaka yao haigeuki deni kwa kupita siku, isipokuwa Kadhi ameamrisha ikopwe. Kwa hiyo mke akinunua uji na madaftari ya skuli kwa mwaka mzima bila ya neno, huenda baadaye asipate cha kudai. Mume mwenye kumcha Mungu haifanyi nafasi hii kuwa faida yake. Usiku ule ule wa kupoteza kazi, akae na mkewe, waambizane: hiki ni sadaka, hiki ni mkopo. Kilicho mkopo kiandikwe na kishuhudiwe, kama ilivyoelekezwa katika aya ya 282 ya Sura ya Bakara. Na mshahara wa kwanza ukija, daftari hilo lifunguliwe kabla ya kanzu mpya.

Huulizwa: je, mke akisamehe? Nafaka iliyokwisha pita, akiisamehe kwa ridhaa yake, imesameheka. Ya siku zijazo haisameheki, kwa kuwa bado haijapasa. Na mke aliyeridhika mwezi huu kukaa na dhiki, haki yake ya kwenda kwa Kadhi mwezi ujao haikupotea.