Pawa fakta: umeme unaopita waya bila kufanya kazi

Wenye nyumba, wenye viwanda na mafundi wachanga huuliza maswali haya mara nyingi. Fundi wetu wa umeme anayajibu.

Pawa fakta ni nini hasa?

Chukua wati, gawa kwa volti-ampea. Jibu huwa kati ya 0 na 1. Pasi hukaribia 1, kwa kuwa karibu umeme wote unageuka joto. Mota na choki ya taa ya tyubu zinahitaji usumaku, na umeme wa kuujenga huenda na kurudi kwenye laini. Ni kama abiria anayegeuza na daladala: kiti kimekaliwa, na kituoni hakushuka mtu.

Nipe mfano wa taa.

Tyubu ya wati 36 yenye choki ya zamani hutumia wati 46 hivi, choki ikiwemo. Ukipima mkondo kwenye volti 230 unakuta ampea 0.43, yaani volti-ampea 99. Pawa fakta ni 0.46. Funga kapasita ya maikrofaradi 4.5: mkondo unashuka hadi karibu nusu, mwanga ni uleule.

Kwa hiyo uniti zangu za LUKU zitadumu zaidi?

Hapana. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa tu. Ndiyo maana nawasihi watu wasipoteze fedha kwa vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kupunguza bili.

Basi nani anaumia?

Waya na transfoma. Mkondo ukiwa mara mbili, joto linalopotea kwenye waya huwa mara nne. Wateja wakubwa wa TANESCO na Kenya Power hutozwa pia kwa kilovolti-ampea (kVA), hivyo mwenye kiwanda cha mota nyingi hulipia mzigo huo. Kwake kapasita ni akiba ya kweli.

Na taa za LED?

Nyingi za bei nafuu zina pawa fakta ya 0.5 hivi, kwa sababu saketi yake huchota umeme kwa vipindi vifupi vifupi. Kapasita ya nje haitibu hilo. Dawa ni saketi bora ndani ya taa. Hata hivyo, LED ya wati 9 hubebesha waya volti-ampea 18 tu.

Tahadhari?

Pima kabla ya kufunga, maana kapasita ikizidi kiasi mkondo hupanda tena. Tena kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima swichi. Usiiguse kabla fundi hajaondoa chaji yake.