Usome Jani la Mzeituni Kabla ya Kumwaga Mbolea

Mwezi wa Julai, kokwa ya zeituni inapoanza kuwa ngumu ndani ya tunda na machipukizi ya mwaka huu yamekwisha kukamilisha majani yake, ndio wakati bora kwa mkulima wa Jabal Akhdar kule Oman, kama ulivyo kwa mwenzake wa Hispania au Ugiriki, kuuchunguza mzeituni wake kwa makini. Maana katika msimu huu jani halikui kwa kasi wala halijachakaa, na kiasi cha madini kilichomo ndani yake hutulia kwa muda wa kutosha kupimwa.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa aghalabu mkulima mwenye bidii, aonapo umanjano juu ya miti yake, hukimbilia gunia la naitrojeni, akatumia fedha nyingi na maji mengi, ilhali maradhi hayo yana asili nyingine kabisa. Umanjano si wa namna moja. Ukiyaona majani machanga ya nchani yamepauka lakini mishipa yake imebaki kijani kama wavu, basi mti huo umekosa chuma. Na katika ardhi ya miamba ya chokaa, kama ilivyo sehemu kubwa ya milima ya Oman na ya nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, chuma chenyewe kimo tele udongoni, ila ile chokaa imekifunga hata mizizi haikipati. Chuma si sehemu ya klorofili, kwani kitovu chake ni magnesi. Lakini pasipo chuma mti hauna njia ya kuitengeneza hiyo klorofili, na jani lisilo nayo hushindwa kujitengenezea chakula. La ajabu ni kwamba jani lililopauka likipelekwa maabara huweza kuonekana lina chuma sawasawa na lile la kijani, au hata zaidi, kwa sababu kimo ndani yake bila kutumika. Kwa chuma, basi, liamini jicho kuliko mizani.

Kwa boroni mambo ni kinyume: hapo jicho hudanganyika, na kipimo ndicho cha kuaminiwa. Lichukue jani mkononi ulitazame: ncha imekufa na kuwa ya hudhurungi, ukifuatia mkanda wa manjano, kisha sehemu iliyo karibu na kikonyo imebaki kijani. Alama hizi hufanana mno na za upungufu wa potasiamu, na wengi wamemwaga potasiamu mwaka baada ya mwaka bila ya kupata nafuu yoyote. Tangu mwaka 1923, mwanabotania Katherine Warington alipothibitisha huko Rothamsted, Uingereza, kwamba mmea hauwezi kuishi pasipo boroni, maarifa yamezidi, na sasa twajua kuwa kazi yake kubwa ni kuziunganisha pektini katika kuta za seli. Inapokosekana, vichipukizi vya nchani hufa, vya pembeni hufumuka kwa pamoja kama fagio, na matunda hupinda na kupukutika. Fauka ya hayo, jani lililozuiwa kukua hulimbikiza fenoli kupita kiasi, nalo jani la mzeituni kwa tabia yake lina uchungu wa oleuropeini, ambayo nayo ni fenoli. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kuzidi kwa fenoli hizo ni dalili ya siha. Aidha, mzeituni una sukari iitwayo manitoli, ambayo huibeba boroni kutoka majanini na kuipeleka kwenye maua na matunda machanga, na kwa sababu hiyo mti uliozaa sana huweza kuyanyima majani ili uwalishe watoto wake.

Haja ya kupima, basi, ni dhahiri. Yachume majani yapatayo 100, pamoja na vikonyo vyake, katikati ya machipukizi ya mwaka huu yasiyo na matunda, kutoka pande zote za miti kadhaa ya shamba moja. Yatie katika mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, na usichanganye majani ya miti iliyopauka na ya ile iliyo mizima. Boroni ikiwa chini ya miligramu 14 kwa kila kilo ya majani makavu, mti una upungufu. Kutoka 19 hadi 150 inatosha. Ikifika 185 imekuwa sumu.

Mti mkubwa wenye upungufu hupewa udongoni gramu 25 hadi 40 za boroni, na hapa nakuomba hadhari, maana hizo ni gramu za boroni yenyewe, si za boraksi. Boraksi ina takriban asilimia 11 tu ya boroni, hivyo gramu 25 za boroni ni kama gramu 225 za boraksi. Mche mdogo usipewe kiasi hicho hata kidogo. Mahali penye chokaa nyingi, udongo huifunga boroni nayo, na ni afadhali kuinyunyiza majanini kabla ya maua kuchanua. Ama chuma, kuyanyunyizia majani huleta nafuu ya muda mfupi tu; kinachofaa katika ardhi ya chokaa ni chuma kilichofungwa katika kemikali iitwayo EDDHA, kitiwe karibu na mizizi pamoja na maji, mwanzo wa majira ya ukuaji. Na mti uliokwisha kupewa boroni usiongezwe tena mpaka majani yake yapimwe upya.