SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: Kutoka Kibarua hadi Fundi wa Mitambo

Vijana wengi wa Ubena na vijiji vya jirani hutafuta riziki viwandani. Kipo kiwanda cha vigae huko Pingo, Chalinze. Na kiwanda cha sukari cha Bagamoyo kilianza uzalishaji mwaka 2022. Wengi huingia kama vibarua, na kijana aweza kupaka mashine grisi miaka kumi akabaki kibarua vilevile. Somo hili laeleza jinsi kazi ya ufundi wa matengenezo inavyojengwa, na wajibu wa chama katika jambo hilo.

1. Ufundi na pato la mkulima

Tuchukue mfano wa mkonge, zao lililoletwa nchini na Dk. Richard Hindorf mwaka 1893. Katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana takriban kilo 4 tu za nyuzi. Mashine ya korona huyaponda majani na kuyakwangua kwa ngoma yenye visu butu. Nafasi kati ya visu na bamba linaloelekeana navyo ikiwa pana mno, nyama ya jani hubaki katika nyuzi na daraja hushuka. Ikiwa finyu mno, nyuzi hukatika na kuchukuliwa na maji pamoja na makapi. Basi fundi anayerekebisha nafasi hiyo ameshika mkononi malipo ya mkulima. Korona ikisimama, majani yaliyokwisha kukatwa hukauka na kuwa magumu kusafisha. Hali kadhalika miwa: ikikatwa na kukaa bila kukamuliwa, sukari yake hupungua.

2. Aina mbili za matengenezo

Aina ya kwanza ni kungoja mashine iharibike ndipo itengenezwe. Aina ya pili ni kuikagua na kuihudumia kwa ratiba kabla haijaharibika. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Beringi iliyochakaa hutoa dalili mapema: joto, mtikisiko, au sauti isiyo ya kawaida. Ikibadilishwa kwa wakati, kazi husimama saa chache. Ikipuuzwa, yaweza kuharibu mhimili na kusimamisha kiwanda kizima.

3. Ngazi za ufundi

Ngazi ya kwanza ni fundi mchundo, afanyaye kazi kwa mikono yake: fundi umeme, fundi mitambo, mchomeleaji. Mafunzo yake husimamiwa na VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ya pili ni fundi sanifu, mwenye stashahada ya chuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni chuo cha ufundi kilichoanza mwaka 1957. Ya tatu ni mhandisi, mwenye shahada, anayesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Aliyejifunza kazini bila kupita chuoni hajafungiwa mlango. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo, na akifaulu hupewa cheti. Cheti bila uzoefu hakitengenezi mashine. Lakini uzoefu bila cheti humwacha fundi hodari katika ujira wa kibarua.

4. Mambo ya kuzingatia

(a) Msimu wa matengenezo. Viwanda vya sukari kwa kawaida husimama wakati wa masika, na mitambo hufunguliwa. Kijana aombe kazi wakati huo, maana ndipo huona yaliyo ndani ya mashine.

(b) Daftari. Kila kazi iandikwe: tarehe, mashine, dalili, chanzo, kipuri kilichobadilishwa, na saa zilizopotea. Daftari la miaka mitatu ni ushahidi mbele ya mwajiri na mtahini.

(c) Usalama. Kabla ya kugusa mashine, umeme uzimwe, swichi ifungwe kwa kufuli, na kibao cha onyo kiwekwe. Ufunguo akae nao fundi mwenyewe.

(d) Kusoma michoro. Asiyejua kusoma mchoro wa mashine hubaki mshika spana wa mwenziwe.

5. Wajibu wa chama

Elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika. Chama chaweza kutenga sehemu ya ziada yake, kwa idhini ya mkutano mkuu, ili kulipia ada ya upimaji au mafunzo ya vijana wa wanachama, wa kike na wa kiume. Gharama hiyo ilinganishwe na hasara ya zao linaloharibika mashine zikisimama kwa kukosa fundi.

Maswali ya majadiliano

1. Ni vijana wangapi wa wanachama wanaofanya kazi viwandani, na wangapi kati yao wana vyeti?
2. Je, mashine za chama, kama zipo, zina daftari la matengenezo? Nani hulijaza?
3. Chama chaweza kumgharimia kijana mmoja mwaka huu? Fedha zitatoka fungu gani, na masharti yawe yapi?