Farasi wa Jicho Moja: Lini Mtumba Unafaa Kuliko Kipya?

Swali la leo ni la sokoni kuliko la darasani: ni lini inafaa kununua kitu kilichotumika badala ya kipya? Pale Kibiti, kando ya barabara ya Lindi na Mtwara, watu hulijibu kila siku fedha zikiwa mkononi. Wanaotoka vijiji vya delta ya Rufiji, kama Salale na Kiongoroni, wana sababu ya kulijibu polepole zaidi, maana kitu kikiharibika kule fundi yuko mbali na nauli ya boti si ndogo.

Wengi hutazama bei tu. Tuseme viatu vipya vya bei rahisi ni shilingi 20,000 na vinachanika baada ya miezi 4. Vya mtumba, vya ngozi, ni 30,000 na vinadumu miaka 2. Vya kwanza vinakugharimu 5,000 kwa mwezi, vya pili 1,250. Aristotle naye, katika kitabu cha kwanza cha Siasa, alitumia mfano wa kiatu kutenganisha matumizi mawili ya kitu: kukivaa, na kukibadilisha kwa kitu kingine. Upya unapandisha bei ya kiatu. Mwendo wa kilomita kumi hauufupishi.

Ila hesabu hiyo inadai ujue kitu kimebakiza maisha kiasi gani, na hapo ndipo penye ugumu. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliligusa jambo hili katika Summa Theologiae (II-II, swali la 77). Anafundisha kwamba muuzaji akijua kasoro iliyofichika, iwezayo kumletea mnunuzi hasara au hatari, anawajibika kuisema. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, halazimiki kuitangaza, mradi apunguze bei inavyostahili. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi Kibiti na Rufiji, wana fundisho la karibu sana na hili: sheria yao inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu chenye ila iliyofichwa.

Thoma alikuwa akimfundisha muuzaji. Nadhani mfano wake unamfaa hata mnunuzi: nunua mtumba pale ambapo jicho lililopofuka unaliona mwenyewe. Shati halina siri. Ligeuze, tazama kola na kwapa. Mashua ya mbao nayo, ikivutwa ufukweni maji yakipwa, inajieleza. Choma ubao kwa ncha ya kisu usikie kama umelainika, tafuta matundu ya wadudu wa majini, kagua kalafati. Paneli ya sola hupungua nguvu taratibu kwa miaka mingi, na fundi mwenye mita ataipima juani kwa dakika chache. Betri yake ni habari nyingine. Ikipumzika huonyesha volti nzuri, ukiiwashia taa mbili inakata pumzi. Hiyo nunua mpya ukiweza.

Maji nayo huficha mengi. Baada ya mafuriko kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, redio au jokofu lililolowa laweza kukaushwa, kung'arishwa na kuuzwa kama kawaida, kutu ikiendelea ndani. Kuuliza kitu kilikuwa wapi mwezi ule si kumvunjia mtu heshima.

Wapo wanaosema mitumba inaua viwanda vyetu. Hoja hiyo ina uzito: mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole, na Rwanda iliposhikilia ushuru wake, mwaka 2018 Marekani iliondolea nguo zake msamaha wa kodi. Hilo ni suala la serikali. Sioni haki ya kumtwika mama wa Salale anayemtafutia mwanawe sare. Tena Papa Fransisko, katika Laudato si' (2015), anaona kutumia tena kitu badala ya kukitupa kuwa kwaweza kuwa tendo la upendo.

Jaketi okozi sitalijadili sana. Ndani yake huoni, na kosa lake hulijui mpaka uko majini. Nunua jipya.

Injini ya boti ndiyo inayosumbua, kwa kuwa mpya ina bei ambayo wavuvi wengi wa kamba hawaifikii, na iliyotumika ikizima kwenye mdomo wa mto maji yakitoka, inakupeleka baharini na abiria wako. Hapa usinunue kwa macho tu. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Apime mgandamizo wa silinda. Afungue oili ya gia. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Kisha ifungeni kwenye boti, muiendeshe nusu saa au zaidi ikiwa na mzigo, mkitazama kama maji ya kupozea yanatoka bila kukatika, kwa sababu injini iliyozibwa na chumvi huwaka vizuri ikiwa baridi na kuchemka baadaye. Dakika tano kwenye pipa hazitoshi. Muuzaji akisema hana petroli, njoo na yako.